Huyu mkubwa sina, wadogo wapo

Tangu video za kapibara, yule ndugu mkubwa wa simbilisi, zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, vijana wanaokuja kununua simbilisi hapa kwangu Masasi swali lao ni moja: "Shikamoo mama. Na yule mkubwa unaye?"

Sina. Kwao ni Amerika Kusini, toka mbuga za Venezuela mpaka kaskazini mwa Ajentina, na mmoja anafika kilo 60. Banda langu la mbao angelimaliza siku hiyohiyo.

Ila ukoo ni mmoja, na aliyefuga simbilisi kapibara hamshangazi sana. Meno ya mbele hayaachi kuota, kwa hiyo kutafuna ni lazima. Njooni muone kingo za banda langu. Kinyesi chao laini wanakila tena, kikitoka tu. Wageni wanakunja uso, lakini nyasi ni ngumu, haziishi utamu kwa kupita tumboni mara moja. Ng'ombe anacheua, mbona hamkunji uso?

Halafu kuna vitamini C. Miili yao haiitengenezi, kama yetu. Kapibara wa porini anaipata kwenye nyasi mbichi. Akifungiwa na kulishwa vikavu vitupu anaugua kiseyeye, fizi zinatoka damu. Wangu nawapa matembele, na msimu wa korosho kipande cha bibo, kama watu wa uraka, pombe ya mabibo, wameniachia.

Wanapoachana ni majini. Kapibara macho, masikio na pua viko juu ya kichwa, kama kiboko wa Ruvuma, na vidole vina utando. Anazama hata dakika tano akimkwepa jaguar. Hata kupandana ni humohumo majini. Mimba yake ni kama miezi mitano, ya simbilisi miwili na siku kadhaa, lakini watoto wa wote wawili wanazaliwa na manyoya, macho wazi, na hawachelewi kuanza nyasi. Kitoto cha kapibara kinanyonya jike lolote la kundi.

Huo upole wa kapibara mnaousifia kwenye video, sawa, ndege anamtua mgongoni naye katulia. Lakini madume wanafukuzana vibaya kugombea ukubwa. Dume mtawala utamjua kwa tezi juu ya pua, nundu nyeusi isiyo na manyoya, anayoisugua vichakani kuacha harufu yake. Madume wawili banda moja? Hata kwa simbilisi siwashauri.

Anayetaka, majike yapo, mengine yana mimba. Njoo na tenga lako, bei tutaongea.