Mtori wa Marangu

Basi liliondoka Dar alfajiri. Chalinze, Korogwe, kisha Same, milima ya Upare ikiwa mkono wa kulia mpaka Mwanga. Nilishuka Himo, nikapanda gari dogo la Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Barabara inapanda kati ya migomba na kahawa, na hewa inazidi kupoa. Kupanda huko kunabadili hata mapishi: Marangu ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 97. Nyama ya saa mbili Dar, huku iongezee muda.

Sufuria ya mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, ilikuwa tayari mafigani: kilo moja ya muundi wenye mfupa na kano, lita tatu za maji ya baridi. Steki haifai hapa, mchuzi wake hubaki mwepesi. Povu likaenguliwa, kuni zikavutwa nje hadi maji yakawa yanatokota polepole. Moto mkali hukaza nyuzi za nyama na kuzikamua, ikawa kavu mdomoni hata ikiogelea mchuzini. Moto mdogo unazipa kano muda wa kuyeyuka, na ndiyo maana midomo hunata unapokunywa.

Ndizi mshare kumi na mbili zilimenywa kwa mikono iliyopakwa mafuta, maana utomvu wake hauondoki kirahisi. Zikapasuliwa, zikakwanguliwa moyo wa kati, zikalowekwa zisiwe nyeusi. Nyama ilipoanza kunyofoka mfupani, zikaingia pamoja na kitunguu kwa nusu saa.

Wengi huharibu hapa. Ukipondea ndani ya mchuzi wote, unapata mabonge. Ndizi ziliopolewa, zikapondwa kwa mwiko zingali za moto, mchuzi ukarudishwa upawa mmoja mmoja, kisha nyama iliyochambuliwa. Chumvi mwisho, kwa kuwa mchuzi hupungua. Usiache kukoroga, hushika chini upesi.

Uchaggani mtori ni chakula cha mzazi, na kinamfaa kweli. Nyama inampa protini, vitamini B12, na madini ya chuma ambayo mwili huyafyonza kirahisi kuliko ya mboga za majani. Vitamini zinazoyeyukia mchuzini hazipotei kwa kumwagwa, maana mchuzi wote unaliwa. Ila mfupa hautoi kalsiamu nyingi kama inavyosemwa. Kwa hiyo, aongezewe maziwa.

Uliobaki uliganda usiku kwa baridi. Asubuhi ulitiwa kikombe cha maji ya moto, ukapashwa taratibu, ukawa laini tena.