Kitabu cha uchumi wa mazingira: anza na sura ya uvuvi

Ukisomea uchumi wa mazingira Mwanza, ruka utangulizi, fungua sura ya uvuvi. Utakuta modeli ya Gordon na Schaefer, ya mwaka 1954, inayoonyesha jinsi wingi wa uvuvi unavyobadili mavuno na faida. Toleo la zamani linatosha, hesabu ni zilezile.

Tuseme mitumbwi E (E ni idadi yake) huingiza jumla ya 100E − E² kwa siku, kwa maelfu ya shilingi, na kila mtumbwi hula 20: petroli, barafu, posho. Ziwa likiwa huria, wavuvi huongezeka mpaka faida iishe, pato la kila mtumbwi likilingana na gharama yake: 100 − E = 20, yaani mitumbwi 80, faida sifuri. Faida hufika kilele kwa mitumbwi 40: milioni 1.6. Mavuno, bei ikiwa ileile, hufika kilele kwa 50, lakini faida imeshashuka hadi milioni 1.5. Hapo ndipo wengi huangukia mtihanini, wakidhani vilele hivyo ni kimoja.

Modeli hii inajua uzito tu, haijui umri. Haitakueleza kwa nini sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Tafuta sura ya samaki kwa rika. Ukitaka kuzielewa BMU, vikundi vya jamii vinavyosimamia uvuvi mialoni, soma kitabu cha 1990 cha Elinor Ostrom, mtafiti wa usimamizi wa rasilimali za pamoja, hasa kuhusu nani anaweka sheria na nani anazisimamia.