Ratiba za ndege za AI Tanzania kwenye FSX: nilipofikia

Ndege za AI, yaani zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe, zilizokuja na FSX (Flight Simulator X, gemu ya Microsoft ya kurusha ndege) nimezizima zote, maana inachekesha, uko Dar unasubiri kuruka afu mbele yako inakatiza Landmark au Orbit, mashirika ambayo hayapo popote duniani. Nataka ATR za Precision Air, Q400 na A220 za Air Tanzania, na vile vindege vidogo vya Caravan vya Zanzibar na Arusha.

Kazi yenyewe sasa. Kuandika muda sio ishu, ishu ni kwamba ratiba ya shirika inakupa safari tu, Dar–Mwanza saa fulani, basi. FSX haijali safari, inataka maisha ya ndege moja moja, yaani hii 5H (herufi za usajili wa ndege za Tanzania) inaamkia wapi, inapita wapi, inalala wapi, na mwisho wa wiki lazima iwe pale pale ilipoanzia maana mstari wa ratiba yake unajirudia kila wiki. Na hakuna shirika linalotangaza ndege ipi itafanya safari ipi. So nimeandika kiskripti cha Python, kinasoma ratiba kutoka Excel, ndege ikitua kinaitafutia safari inayofuata ya aina hiyohiyo ya ndege kutoka uwanja huohuo, ila kwanza ipumzike, ATR nimeipa dakika 40 na jeti saa nzima, ikikosa inalala hapo. Inayokwama Mwanza Jumamosi usiku naipangia ya kurudi mwenyewe kwa mkono, hapo ndo muda wote unaishia.

Saa zote kwenye faili ni Zulu (Z), yaani UTC, saa za Greenwich. Kwetu raha, chukua saa ya Kiswahili jumlisha tatu umemaliza: saa mbili asubuhi ni 0500Z. Usiku unaongeza na 12, saa mbili usiku ni 1700Z.

Dar–Zanzibar nimeiweka futi 7,000. Ni maili 40 tu za anga, ukiipa ATR 18,000 inafika Unguja bado inapanda. Mwanza hapo huru, Q400 naipa 240 (yaani futi 24,000) kwenda na 250 kurudi, ukielekea magharibi namba shufwa, mashariki witiri.

Kukompaili, yaani kugeuza ratiba ziwe faili inayosomwa na FSX, natumia programu ya AIFP. TTools ya Lee Swordy naipenda, faili zake tatu za maandishi zinasomeka vizuri, lakini inatoa bgl (hilo faili lenyewe la ratiba) ya mtindo wa FS2004, toleo lililotangulia FSX, na FSX ikiona hata moja ya namna hiyo kwenye folda inazipuuza zote za mtindo wake yenyewe. Anga linabaki tupu na hakuna ujumbe wowote wa kosa, ukae unajiuliza.

Sasa hivi napambana na maegesho ya HTDA, uwanja wa Dar. FSX yenyewe ni ya 2006, Terminal 3 imefunguliwa 2019, kwa hiyo nachora upya kwenye ADE, programu ya kuchora viwanja, maana ndege ya AI ikitua ikakosa sehemu ya kupaki inayotosha ukubwa wake inayeyuka tu hapohapo. Asubuhi Dar zinalala nyingi, kwa hiyo nahesabu zilizolala kwanza ndo nachora.

Songwe, uwanja wa Mbeya, haimo kabisa, ilifunguliwa 2012, kwa hiyo safari za Mbeya zote nimeziweka pembeni mpaka nipate sineri yake, yaani uwanja wenyewe uliochorwa wa kuongeza kwenye gemu. Nikimaliza Dar naunganisha Nairobi na Entebbe, skripti ileile, naongeza tu viwanja.