Waya wa Pili wa Njano

Pikipiki ile niliiunda mwenyewe uani kwetu Uyole, Mbeya. Fremu ilikuwa ya Honda XL 125, zile walizokuwa wakiendea mabwana shamba zamani. Niliipata kwa wauza chuma chakavu Mwanjelwa. Injini ilikuwa ya Kichina, cc 150, imetoka kwenye pikipiki iliyopata ajali. Kukata na kulehemu chuma hakukunipa taabu. Taa ndizo zilizonitoa jasho.

Siku hizo nilikuwa nanunua viazi Isongole na kuvitafutia gari la kuvileta mjini, na mara nyingi nilirudi giza limeshaingia. Anayeijua barabara ya Uyole kwenda Tukuyu anaujua ukungu wa pale chini ya Mlima Rungwe, hasa wakati wa baridi. Na malori ya kwenda mpaka wa Kasumulu hayasubiri uondoke. Sasa injini ile ililisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili ya sumaku, ile inayozalisha umeme injini inapozunguka, bila kupitia betri. Ukivuta mafuta taa inawaka vizuri. Ukiachia, inanywea mpaka inakuwa na rangi ya chai. Kwenye ukungu huwezi kuvuta mafuta. Kwa hiyo pale unapohitaji mwanga ndipo unapoukosa.

Wenzangu wa kijiweni walisema nifunge LED kubwa, basi. Lakini umeme wa koili ni wa kwenda na kurudi. LED ukiipa huo bila kuunyoosha inamwekamweka tu. (Wengine walitaka niweke na zile za bluu za kupepesa. Zile sizipendi, zinamsumbua anayekuja mbele yako na wewe hazikuonyeshi shimo.)

Nikaenda Mafiati kwa mzee mmoja anayesuka mota.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Washa tuione."

Akasikiliza injini, akaangalia taa ikipanda na kushuka, akacheka. "Kijana, koili yako ncha moja imefungwa kwenye bodi, yaani kwenye chuma chenyewe cha pikipiki. Umeme ukija huku unautumia, ukirudi unaupoteza. Tuitoe ile ncha kwenye bodi, tuipe waya wake."

Tuliilaza pikipiki upande wa kulia ili oili isimwagike, tukafungua kava la kushoto. Koili zimo humo humo ndani ya kava, zimezunguka kama maua. Mzee alifuata waya mmoja mwembamba wa kopa mpaka pale ulipolehemiwa kwenye chuma, akaunyanyua taratibu. Kisha akachukua wembe akaanza kukwangua vanishi iliyoufunika waya. Hapo hakuwa na haraka hata kidogo: vanishi ikibaki, risasi ya kulehemea haishiki, na ukikwangua kwa nguvu waya unakatika, unaanza kusuka upya. Umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, kwa hiyo chuma cha kulehemea tulikipasha kwenye jiko la mkaa. Kiungo alikivisha soksi ya waya aliyoitoa kwenye pasi mbovu, kwa sababu tepu ya kawaida ingeyeyuka kwenye oili ya moto. Akafunga na uzi.

Sasa zikatoka nyaya mbili za njano. Tukapima na mita: kati yake na bodi, hakuna mgusano. Tukazipeleka kwenye regileta mpya ya kunyoosha mawimbi yote, na kutoka hapo kwenye betri. Injini ikizunguka kwa mwendo wa katikati, betri ilisoma volti 14.1. Mzee akatikisa kichwa kuridhika.

Zilizobaki nilifanya mwenyewe nyumbani. Balbu ya mbele ya wati 35, na taa ndogo mbili za spoti, kila moja wati 10, nilizozifunga chini kabisa, karibu na ekseli, kwa sababu mwanga wa juu ukigonga ukungu unakurudia machoni. Jumla na taa ya nyuma ni kama ampea 5, nikaweka fyuzi ya 10. Indiketa za LED zilipepesa haraka mno hadi nilipobadilisha flasha, kile kifaa kinachozipepesa. Kwenye kila mgusano wa bodi nilikwangua rangi ya fremu mpaka chuma kikang'aa. Rangi niliyoipaka kwa mapenzi makubwa, lakini umeme haupiti kwenye rangi.

Usiku wa kwanza Isongole ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kondakta wa daladala alikuwa ameshuka kumwongoza dereva kwa miguu. Nilishusha gia mpaka ya pili, injini inanguruma kidogo tu. Mwanga haukunywea. Niliuona mstari mweupe wa pembeni mwa lami, nikaufuata mpaka juu.

Niliporudi Mafiati kulipa, mzee alikataa hela, akachukua debe la viazi. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. Kando yake bodaboda mmoja alikuwa ameshafunguliwa kava, oili inadondoka kwenye beseni. Mzee akanipa wembe.

"Huyu naye anataka kama yako. Kwangua."