Pamba ya Saadani, kiwanda cha Leipzig

Jumamosi ile nilipiga pamba kwelikweli. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, marashi juu yake. Mwenzangu wa zamu ya usiku aliniambia kuna siku ya maonyesho ya sanaa, wachoraji wanafungua milango ya studio zao na kila mtu anaingia bure. Mimi mtu wa Pangani. Nikisikia maonyesho, najua ni pa kwenda umependeza. Tukashuka kwenye tramu namba 14 kituo cha mwisho, Plagwitz, magharibi ya jiji la Leipzig, Ujerumani, na nilipowatazama wenzetu wanaoingia getini nikaanza kujuta. Ovaroli zina madoa ya rangi, sweta zimetoboka viwiko, kijana mmoja kavaa koti ambalo kwetu hata shamba usingeendea. Kati yao nilionekana kama dalali aliyekuja kuwatoa wapangaji.

Mahali penyewe wenyeji wanapaita Spinnerei tu. Jina refu ni Baumwollspinnerei, kiwanda cha kusokota pamba. Neno lao la pamba, Baumwolle, ukilipasua unapata "sufu ya mti". Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza Kijerumani lilinichekesha, mpaka nikakumbuka msufi uliokuwa nyuma ya nyumba ya bibi, ambao kila mwaka tuliokota sufi yake tukajazia mito. Sisi sufu ya mti tunayo kweli, na wala si pamba.

Kiwanda kilianzishwa mwaka 1884. Robo karne baadaye kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya aina yake katika Ulaya bara: vyuma 240,000 vya kusokotea uzi, na wafanyakazi hadi 4,000. Ni mji mdogo wa matofali mekundu. Kuna maghala, kuna nyumba za wafanyakazi, na reli za mabehewa ya mizigo bado zimelala katikati ya njia ya mawe, usipoangalia zinakukwaa. Ujerumani zilipoungana mwaka 1990, viwanda vya upande huu wa mashariki vilianguka kimoja baada ya kingine. Leipzig ikabaki na majengo matupu na kodi za bei ya chini, na wachoraji wakaingia. Neo Rauch, ambaye picha zake siku hizi wanazigombania matajiri, ana studio yake humu humu tangu enzi hizo. Mlango wake sikuuona. Nilikuwa nimeshazama kwenye mambo mengine.

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo moja mwanamke mchoraji alikuwa ametundika turubai zake baina ya nguzo za chuma. Niliigusa nguzo moja. Rangi imepakwa juu ya rangi miaka na miaka, mpaka chuma kimekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Ilipobanduka unaona kijani, chini yake krimu, chini yake kahawia. Nikasimama pale naitazama nguzo, na picha nimezipa mgongo, na mchoraji ananitazama mimi.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja aliyekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Alinisemesha kwa sauti kubwa, kisha akaomba radhi: masikio yake yaliharibiwa na mashine za humu humu. Alianza kazi hapa mwaka 1968, msichana. Akaniambia pamba ilikuwa ikiruka hewani kama theluji, inaingia kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye supu ya mchana. Na joto! Uzi wa pamba ukikauka unakatika, kwa hiyo hewa ilibidi iwe ya moto na yenye unyevu saa zote, nje barafu, ndani wanawake wanalowa jasho. Nikamwambia hali hiyo mimi naijua, ni Pangani mwezi wa pili. Akacheka, akauliza Pangani ndiyo wapi.

Nikawa natafuta namna ya kumweleza, na ndipo mwenzangu akanipa kijitabu cha historia ya kiwanda alichookota mlangoni, akanionyesha kwa kidole: si kwenu hapa? Nikasoma. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni hii ilikuwa na mashamba yake yenyewe ya pamba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Saadani.

Saadani! Kutoka Pangani unafuata pwani kwenda kusini, upite Mkwaja, umefika. Mimi Saadani naijua kwa hifadhi ya wanyama, tembo wanaosogea mpaka karibu na bahari. Wajerumani walikuwa wamechoka kutegemea pamba ya Marekani, wakataka yao, na koloni walikuwa nalo. Tulisomeshwa darasani habari ya Wamatumbi waliong'oa miche ya pamba Julai 1905 na vita vya Maji Maji vilivyofuata. Mwalimu alisema pamba ilipelekwa Ulaya. Ulaya ipi, hakuna aliyeuliza, na mtihani haukuhitaji. Kumbe sehemu yake ilikuwa inakuja kwenye lango hili nililoingia na viatu vya kung'aa.

Nikamtafsiria bibi. Alinyamaza kidogo, akasema wao walipewa pamba ya Warusi.

Tulitoka tukatembea kando ya mfereji wa Karl Heine, mwanasheria aliyeanza kuuchimba mwaka 1856 akitaka mashua za mizigo zifike mtoni Saale. Hazikufika hata leo. Kuna mitumbwi ya kukodi na bata. Mwenzangu aliongea njia nzima habari za picha. Mimi nilikuwa nimeshampigia baba mdogo, aliyeishi Saadani miaka mingi akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi.

"Shikamoo ba'mdogo."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekwisha huko?"

Nikamsimulia yote: kiwanda, kijitabu, Saadani. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Pamba Saadani? Mimi Saadani nimeona chumvi, nimeona kamba, nimeona nyani wanaiba ugali. Mpamba hata mmoja sijauona."

"Ni zamani, ba'mdogo. Kabla ya babu."

"Huyo bibi yupo bado hapo?"

"Tumemwacha ndani."

"Rudi ukamuulize kama pamba yetu ilikuwa nzuri."

"Kaanza kazi mwaka 1968, ba'mdogo, Wajerumani walishaondoka zamani."

"Kamuulize hivyo hivyo."