Kuziondoa ` ` kwenye skripti za zamani

Kazi ya wiki hii ni skripti za sheli zilizojaa alama za ` `, ambazo huendesha amri na kuweka matokeo yake mahali pake. Zimekuwepo tangu sheli ya Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Umbo la $( ), lenye kazi ileile, lililetwa na sheli ya ksh, na POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, ikalikubali mwaka 1992. Kwa hiyo anayesema $( ) ni ya bash peke yake amechelewa sana: sheli za dash na ash ya BusyBox zinaielewa. Isiyoielewa ni csh, na sh ya Solaris 10.

Uzuri wa umbo jipya huonekana amri ikiingia ndani ya amri:

jina=`basename \`dirname "$faili"\``
jina=$(basename "$(dirname "$faili")")

Ila mtego uko kwenye \. Ndani ya ` `, sheli huila \ iliyotangulia $, ` au \ nyingine kabla amri haijaendeshwa. Tazama hii:

x=`echo a.b | sed 's/\\./_/'`

sed, programu ya kubadilisha maandishi, hupokea s/\./_/ na jibu ni a_b. Badilisha alama za nje tu, uache \\ mbili, jibu linabaki a.b. Hakuna kosa linaloonyeshwa, na hilo ndilo baya lake. Kwa awk, programu ya kuchakata maandishi, angalau kelele hupigwa: \$1 ikibaki ndani ya $( ), awk inagoma.

Ndiyo maana siamini sed ya mstari mmoja kwa kazi hii. Mstari wenye jozi mbili za ` ` huunganishwa kuwa uchafu mmoja, maana .* ni mlafi: hukamata kadiri iwezavyo. Afadhali kuanza kwa kutafuta yenye hatari:

grep -n '`.*\\.*`' *.sh

Hiyo irekebishwe kwa mkono. Iliyobaki, ShellCheck, kikagua skripti, huitaja kwa namba SC2006, na shfmt -d, kipanga skripti, huonyesha mabadiliko kabla ya kuyaandika. shfmt hupanga upya pia nafasi za mwanzo wa mistari, basi komiti yake ya git iwe peke yake, la sivyo anayekagua hataona kitu.

Mawili madogo. `(cd /tmp; ls)` ikigeuzwa $((cd /tmp; ls)), sheli huweza kudhani ni hesabu, weka nafasi: $( (cd /tmp; ls) ). Na bash 3.2, ambayo bado iko kwenye macOS, huchanganywa na case ndani ya $( ): kwenye matawi yake andika (a) badala ya a).

Kuhusu local x=$(amri), yaani kigezo cha ndani ya funksheni, kumeza msimbo wa kosa wa amri, umbo jipya halisaidii. Tangaza kwanza, kisha jaza:

local x
x=$(amri) || return 1