Ndege ni ya nani?

Jana nimemsindikiza dada yangu Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, anakwenda Kinshasa na Air Congo. Kwenye foleni ya mizigo baba mmoja, katoni yake imefungwa kamba za bluu, akaanzisha ubishi: "Hii ndege ni ya Waethiopia, si yetu!" Watu wakamrukia.

Kwenye Air Congo, serikali yetu ya Kongo ina hisa 51%, Ethiopian Airlines 49%. Walianza kuruka Desemba 2024. Na hiyo nusu na kidogo ina kazi yake. Mkataba wa Chicago wa 1944 ulisema anga ni mali ya nchi iliyo chini yake, kwa hiyo haki za kutua zinajadiliwa nchi kwa nchi. Mikataba mingi inadai shirika limilikiwe na kuongozwa na raia wa nchi inayolituma. Likiwa la wageni, wenzako wana haki ya kulinyima kibali.

Baba hakutulia: "Sawa, na nani anapanga ratiba? Nani anatengeneza injini?" Swali zuri, jamani. Hisa ni karatasi. Kuongoza ni habari nyingine, na mabalozi hugombana hapohapo.

Hata kupita juu tu bila kutua kunaombewa ruhusa. Februari 2025 Kongo ilipozifungia anga ndege za Rwanda, shirika lao RwandAir likalazimika kuzunguka.

Dada, pasipoti mkononi, akageuka: "Nyinyi gawaneni hisa. Mimi nataka iondoke kwa saa yake." Ikachelewa kidogo, ubishi ukaendelea.